Kinachovuja Utumboni, Kinachowaka Mwilini

Wanaume 77 wa Kilimanjaro, vijana na wazima wa afya, walikubali kubadilishiwa chakula ili damu yao ipimwe. Kati yao, 23 walitoka vijijini, wamezoea ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa. Hao waliwekwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa Kimagharibi: vyakula vya viwandani, vya kukaanga, vya unga mweupe. Wengine 22, wakazi wa mjini, wakafanya safari ya kinyume, wakarudishwa kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro. Wengine 22, nao wa mjini, waliachiwa mlo wao ila wakaongezewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Kumi waliobaki waliendelea na kawaida yao ili wenzao walinganishwe nao.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine na watafiti wa Chuo Kikuu cha KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi. Kwa watu wa kijijini waliohamishiwa mlo wa Kimagharibi, protini za damu zinazoashiria inflamesheni zilipanda, na seli zao za kinga zilipokutanishwa na vimelea maabara, zilijibu kwa ulegevu kuliko mwanzo. Kwa waliorudi kwenye mlo wa asili, na kwa wanywaji wa mbege, viashiria hivyo vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Wiki mbili ni muda mfupi mno. Mtu akienda kumsalimia ndugu yake Dar es Salaam na kukaa nusu mwezi akila chipsi na soseji, amekwisha kufanya jaribio hilo bila kujua. Ndiyo maana nadhani huu ni utafiti ambao kila mwenye jiko Afrika Mashariki angepaswa kusimuliwa, kwa lugha anayoielewa, na hasa asimuliwe sehemu ambayo damu peke yake haiielezi. Watafiti wa Moshi walipima damu. Lakini ili chakula kiweze kuipoza au kuiwasha kinga ya mwili kiasi hicho, kinapita kwanza kwenye ukuta mmoja mwembamba ambao wengi wetu hatujawahi kuufikiria.

Kwanza tuelewane kuhusu inflamesheni yenyewe. Ukijikata kidole, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na huuma. Hiyo ni kinga ikifanya kazi yake halali: imeita damu, imeita seli za kupigana, na jeraha likipona mwako unazimika. Shida ni mwako usiozimika. Huwa mdogo, hauleti homa wala maumivu ya kumpeleka mtu zahanati, lakini unaendelea mwili mzima kwa miaka. Huo ndio unaohusishwa na kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo na mishipa, na ini kujaa mafuta. Swali la miaka mingi limekuwa: kwa mtu asiye na jeraha wala maambukizi, nani anaupulizia moto huo? Moja ya majibu, na kila mwaka ushahidi wake unaongezeka, ni utumbo.

Tabaka moja la seli

Utumbo wa mtu mzima, mikunjo yake yote ikinyooshwa, una eneo la mita za mraba 32 hivi. Hesabu hiyo ni ya watafiti wa Uswidi, mwaka 2014. Vitabu vya zamani vilizidisha, vikataja uwanja wa tenisi. Hata hivyo mita 32 ni sakafu ya vyumba viwili vya kulala, na kinachoitenganisha na damu ni tabaka moja tu la seli. Ngozi ya kiganja imepangwa tabaka juu ya tabaka. Utumbo hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu kazi yake ni kupitisha: sukari, mafuta, maji, chumvi, vipande vidogo vya protini. Ukuta mnene usingemlisha mtu. Kwa hiyo mwili umechagua wembamba, halafu ukaufidia kwa kuujenga upya mfululizo. Seli nyingi za ukuta huo huishi siku tatu hadi tano tu, zikabanduka na kupisha nyingine.

Seli hizo zimeshonwa ubavu kwa ubavu kama ukili wa mkeka. Uzi wa mshono ni protini. Ya kwanza kutambuliwa, iliyopewa jina ZO-1, ilielezwa mwaka 1986. Okludini ikafuata 1993 na klaudini 1998, zote mbili kutoka maabara ya Shoichiro Tsukita huko Japani. Mshono huu si wa kudumu. Hulegea na kukaza kulingana na amri za mwili. Daktari Alessio Fasano, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Maryland, Marekani, alikuwa akichunguza kimelea cha kipindupindu alipoona kwamba kina sumu inayolegeza mshono huo. Akajiuliza kama mwili wenyewe hauna kitu cha namna hiyo. Mwaka 2000 akatangaza protini aliyoiita zonulini, ambayo binadamu huitengeneza mwenyewe.

Juu ya seli kuna ute. Kwenye utumbo mpana ute huo una sehemu mbili: ya nje ni laini na bakteria wanaishi humo kwa amani, ya ndani imeshikana na bakteria hawapiti. Chini ya seli kuna kambi kubwa ya kinga, maana sehemu kubwa ya seli za kinga za binadamu zinakaa utumboni, na kila siku zinamwaga kingamwili ndani ya utumbo. Na damu inayotoka utumboni hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Inapitia ini kwanza, ambako kuna seli zinazomeza chochote kilichopenya.

Mpangilio wote huu una adui mmoja anayestahili kutajwa kwa jina. Bakteria wengi wa utumboni wana ganda lenye kitu kinachoitwa endotoksini. Kikiwa ndani ya utumbo hakina neno. Kikiingia kwenye damu, kinga inakisoma kama tangazo la uvamizi. Tunajua hivyo kwa uhakika kwa sababu watu wazima wa afya hujitolea kudungwa endotoksini katika vituo vya utafiti, nanogramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70, kiasi hicho hakifiki hata sehemu ya mia ya punje moja ya chumvi. Baada ya muda mfupi anatetemeka kwa baridi, homa inapanda, kichwa na misuli vinauma.

Sasa chukua kiasi kidogo zaidi ya hicho, kikivuja kila siku baada ya mlo, kwa miaka. Mwaka 2007 mtafiti Patrice Cani na wenzake walionyesha kwamba kwa panya waliolishwa mafuta mengi endotoksini ilipanda kwenye damu, na kwamba kuwapa endotoksini hiyo polepole kwa wiki kadhaa kulitosha kuwaongezea uzito na kuharibu namna miili yao inavyotumia sukari. Mwaka 2018 ikaonekana, tena kwa panya, kwamba sukari ikipanda kwenye damu nayo huufungua mshono wa utumbo. Kwa hiyo mambo haya yanasukumana: ukuta uliolegea hukoleza ugonjwa, na ugonjwa huulegeza ukuta. Anayesema kila kitu kimeanzia utumboni anasema zaidi ya ushahidi.

Chakula kisicho chetu

Kuna chakula tunachokula ambacho hatukitumii sisi. Nyuzinyuzi za maharage, za mboga, za ganda la nafaka, pamoja na wanga mgumu wa ndizi mbichi, hazimeng'enywi na tumbo wala utumbo mwembamba. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanazila na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo ni butireti. Seli za utumbo mpana hupata zaidi ya nusu ya nishati yake kutoka kwenye butireti hiyo, badala ya kusubiri sukari ya damu kama seli nyingine. Ukuta unalishwa kutoka ndani, na bakteria, kwa sehemu ya mlo ambayo mwenye tumbo hakuihitaji.

Na bakteria hao wakinyimwa? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wa Luxembourg walichukua panya waliozaliwa bila bakteria wowote, wakawapandikizia aina 14 za bakteria wa utumbo wa binadamu, kisha wakawagawa: wengine wakala chakula chenye nyuzinyuzi, wengine wakala kisicho nazo. Kwa waliokosa, bakteria waligeukia ute. Walianza kuula. Tabaka la ute likapungua, bakteria wakasogea karibu na seli, na panya hao walipoambukizwa kimelea cha kuharisha waliugua vibaya, wakati wenzao waliokula nyuzinyuzi walihimili. Tangu nisome jaribio hilo, sahani ya wali mweupe na kuku wa kukaanga bila mboga wala maharage siioni tena kuwa sahani iliyopungukiwa kidogo. Chakula kimemfikia mlaji, na ukuta wake umelala njaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinatoa kama gramu 13 hadi 15. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kwa mizizi, matunda, ubuyu, asali na nyama hukadiriwa kula zaidi ya gramu 100. Sisemi sote tukachimbe mizizi. Nasema umbali kati yao na mtoto wa shule anayekunywa chai na maandazi asubuhi, sembe mchana na chipsi jioni ni mkubwa kuliko tunavyodhani, na umetokea ndani ya vizazi viwili.

Wazo lenyewe la nyuzinyuzi, ambalo leo linaandikwa kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa Ulaya, kwa sehemu kubwa lilitoka Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda hadi 1966, miaka mingi akiwa Mulago. Yeye na Hugh Trowell, aliyekuwa tabibu hukohuko, waliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa Waganda wa vijijini. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vya uzito wa kinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita mwilini. Kwa wanavijiji wa Afrika kinyesi kilikuwa kingi na muda mfupi. Kwa Waingereza kidogo, na muda mara mbili au zaidi. Tuliwafundisha wengine, kisha tukaanza kuiacha sahani yetu.

Turudi kwenye ndizi, maana ushahidi wake unagusa ukuta wenyewe. Kuna kipimo rahisi cha ukuta wa utumbo: mtu ananyweshwa maji yenye sukari mbili, manitoli na laktulosi, kisha mkojo wake unakusanywa kwa saa kadhaa. Manitoli ni molekyuli ndogo, hupenya ukuta wowote mzima. Laktulosi ni kubwa, haipaswi kupita. Ikionekana nyingi kwenye mkojo, mshono umelegea. Mwaka 2004 madaktari wa Dhaka, Bangladesh, walichapisha matokeo ya kuwapima hivyo watoto waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu, baada ya kuwapa wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa. Kuharisha kulipungua, na ukuta ukakaza. Wengine walipewa pektini, nyuzinyuzi ya matunda, wakapata nafuu ya namna hiyo. Mama wa Kichagga anayempikia mgonjwa mtori wa ndizi hahitaji ruhusa ya Dhaka, lakini ni vizuri ajue.

Vipi kuhusu mbege? Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu iliyoiva, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ganda la mti wa msesewe huongezwa kwa uchungu. Kinywaji kinachotoka ni kizito, kichachu, chenye chembechembe za ulezi zinazobaki ulimini. Ndani yake mna bakteria wa kuchachusha, mna mazao ya uchachu huo, mna kemikali za mimea. Mna pia kilevi, na kilevi kwa wingi ni miongoni mwa vitu vinavyoufungua ukuta wa utumbo haraka: imepimwa kwamba kunywa sana mara moja tu hupandisha endotoksini kwenye damu. Matokeo ya Moshi yasiwe kisingizio cha mtu kuanza pombe. Anayetaka faida ya uchachu ana togwa, ana maziwa ya mgando, ana uji uliolala. Watafiti wa Tanzania waliwahi kuonyesha, miaka ya 1990, kwamba watoto wanaokunywa togwa mara kwa mara hukutwa na vimelea vichache vya kuharisha kwenye choo.

Na kabla ya jaribio la 2025, timu hiyohiyo ya Moshi na Nijmegen ilikuwa imewapima watu 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, ikachapisha mwaka 2021. Seli za kinga za watu wa mjini ziliwaka kwa urahisi zaidi. Waliotafuta sababu waliikuta kwenye mlo: damu ya watu wa kijijini ilikuwa na kemikali nyingi zaidi za mimea, kama apijenini. Watu wa pande zote mbili wanavuta hewa ya mlima mmoja. Kilichobadilika zaidi ni kilichokuwa kwenye sufuria.

Vinavyolegeza mshono

Ingia duka la dawa la mtaani jioni, useme mgongo unauma. Utakatiwa kipande cha vidonge vya diklofenaki, labda utaambiwa unywe baada ya kula, basi. Hakuna karatasi, hakuna swali. Mwaka 2005 watafiti wa Belfast waliwapa watu 40 wazima wa afya diklofenaki kwa wiki mbili, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, kisha wakawamezesha kamera ndogo ya kidonge ili ipige picha utumbo mwembamba. Zaidi ya nusu walikutwa na michubuko au vidonda ambavyo havikuwepo mwanzo. Dawa ya kulinda tumbo inalinda tumbo; utumbo ulio chini yake ni habari nyingine. Sisemi diklofenaki ni sumu. Kwa maumivu makali, kwa siku chache na kwa mgonjwa anayestahili, ni dawa nzuri. Linalonisumbua ni watu wazima wanaoinywa kila siku kwa miezi kwa sababu ya magoti, na hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu choo chao.

Jambo kubwa zaidi kwa nchi zetu ni VVU. Virusi hivi hupenda seli za kinga za aina ya CD4, na nyingi ya hizo ziko utumboni. Katika wiki za kwanza za maambukizi, kabla mtu hajashuku lolote, kambi hiyo ya utumboni inateketezwa. Mwaka 2006 watafiti Jason Brenchley, Daniel Douek na wenzao walichapisha kwamba watu wenye maambukizi ya muda mrefu wana endotoksini nyingi kwenye damu, na kwamba kiasi hicho kinaendana na jinsi kinga yao inavyowaka bila kupumzika. Kinga inayowaka hivyo huchoka. ARV huushusha mwako huo kwa kiwango kikubwa, ingawa si wote, na hiyo ni moja ya sababu za watu wanaoishi na VVU, hata wakiwa na dozi nzuri, kuwa na hatari zaidi ya magonjwa ya moyo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaagiza kila aliyekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 kushuka. Anayeambiwa aanze leo na akaomba mwezi wa kufikiria, katika mwezi huo utumbo wake unaendelea kushambuliwa.

Halafu kuna watoto, na hapa moyo wangu ndipo ulipo.

Miaka ya 1960 vijana wa Kimarekani waliokwenda kujitolea Pakistan walipimwa utumbo baada ya kuishi huko miezi kadhaa. Vidole vidogo vinavyofyonza chakula vilikuwa vimefupika, ukuta umejaa seli za mwako, na wengi hawakujisikia wagonjwa. Waliporudi kwao, utumbo ukapona taratibu. Kilichowapata wageni hao kwa muda, mtoto wa kijijini kwetu anaishi nacho tangu anapoanza kutambaa. Maji yasiyo safi, udongo wenye kinyesi, mikono, chupa, vikombe: kila siku bakteria wanaingia kidogokidogo, si wengi wa kumharisha, ila wanatosha kuuweka ukuta wake katika hali ya kupigana. Virutubisho havifyonzwi vizuri, na kidogo kinachofyonzwa kinatumika kwenye vita vya kinga badala ya kurefusha mifupa. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Keneba, Gambia, walikadiria kwamba kulegea kwa ukuta wa utumbo kulieleza asilimia 43 ya kudumaa kwa watoto waliowafuatilia.

Tanzania, kwa takwimu za utafiti wa afya ya jamii wa 2022, asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huohuo ni asilimia 18. Kwa muda mrefu kila mtoto mfupi alihesabiwa kuwa hajalishwa, na mama yake akalaumiwa. Wapo wasiolishwa, bila shaka. Lakini wapo wanaolishwa na chakula hakishiki, na mama hao wamebeba lawama isiyo yao.

Hapa pia kuna funzo gumu. Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 waliingizwa katika jaribio kubwa la maji, vyoo, kunawa mikono na lishe. Matokeo yalitoka 2018. Watoto waliopewa nyongeza ya lishe walirefuka kidogo zaidi. Klorini kwenye maji, choo kilichoboreshwa na kibuyu cha kunawia, peke yake, havikuongeza urefu. Wapo waliotumia matokeo hayo kusema usafi si muhimu. Ni kuyasoma vibaya. Katika utafiti mwingine, Zimbabwe, watafiti waliketi na kuangalia watoto wachanga kwa saa kadhaa, wakaandika kila kilichoingia mdomoni, na mlikuwemo udongo na kinyesi cha kuku. Choo cha watu wazima hakiwezi kumzuia kuku kuingia sebuleni. Mtoto anayetambaa anahitaji mahali safi pa kutambaa, kuku wanahitaji banda, na maji safi yanatakiwa yafike nyumbani kwa bomba, si kwa kidonge cha klorini ambacho mama anakumbuka akipata nafasi. Hiyo ni kazi ya bajeti za halmashauri zaidi kuliko ya semina za akina mama.

Katika pengo kati ya utafiti huu wote na jikoni kwa watu wameingia wauzaji. Unga wa kusafisha utumbo, maji ya kutoa sumu, vidonge vya kuziba matundu, mafuta ya kunywa alfajiri: vinauzwa kwenye simu na kwenye vituo vya mabasi, kwa ahadi ya kuponya kisukari, ugumba na msongo kwa pamoja. Ulaya na Marekani wanauza hata vipimo vya zonulini vya kufanyia nyumbani, ingawa mwaka 2018 ilibainika kwamba vipimo vilivyozoeleka vya protini hiyo vinanasa protini nyingine. Dawa za kuharisha zinazoitwa za kusafisha zinakwangua hasa kile kinacholinda. Mtu mwenye kisukari anayeacha dawa zake kwa sababu ya unga huo anaweza kupoteza mguu, na muuzaji wake hatakuwepo wodini.

Kwa anayetaka kuanza kwa alichonacho, hatua si ngeni. Dona badala ya sembe, au nusu kwa nusu mpaka familia izoee. Maharage, choroko, kunde au njegere kila siku, hata kikombe nusu. Mboga za majani zisizochemshwa mpaka zikafa: mnafu, mchicha, matembele, kisamvu. Ndizi za kupika, kiburu, makande. Tunda lenyewe badala ya juisi ya boksi. Anayetoka kwenye mlo mweupe aongeze polepole, kwa wiki tatu nne hivi, kwa sababu bakteria wachache hawawezi kupokea kazi nyingi kwa siku moja na tumbo litajaa gesi. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, na maji ya kunywa yaongezwe.

Mwenye damu kwenye choo, anayepungua uzito bila kutaka, anayeharisha zaidi ya wiki mbili, anayeamshwa usiku na tumbo, au mwenye mtoto ambaye mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki umelala miezi miwili mfululizo, asianze na dona. Hizo zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu cha tumbo, minyoo, amiba, saratani au maradhi ya utumbo yanayotibika kwa dawa, na hazitofautishwi kwa kuangalia sahani. Hao waende hospitali kwanza. Mlo watauzungumza na daktari baada ya majibu kutoka.